Nyota za Aina Moja, Mwanga Tofauti

 

Neno la leo ni refu kidogo. Kama uko kwenye matatu, soma polepole. Kama uko jikoni, punguza moto kwanza, usije ukaniambia pasta amekuunguzia maharagwe.

Nataka tuongee juu ya ugonjwa mmoja ambao daktari hauoni lakini umejaa katika nyumba zetu. Ugonjwa wa kulinganisha. "Mbona wewe si kama dadako?" "Mlianza biashara siku moja, mwenzako sasa ana maduka matatu." "Mlitoka chuo kimoja cha Biblia, kanisa lake limejaa mpaka nje, wewe bado unahesabu viti vitupu." Umewahi kuambiwa hivyo? Umewahi kumwambia mtu hivyo? Usinijibu. Endelea kusoma.

Chukua Biblia yako, 1 Wakorintho 15:41. Paulo anafundisha juu ya ufufuo, na katikati ya mafundisho hayo anagusia jambo la angani: kwamba hata nyota zenyewe hazilingani kwa fahari. Anapita haraka, anaendelea na ufufuo. Mimi leo nitasimama hapo kidogo, kwa sababu mwalimu mmoja wa fizikia katika ushirika wetu alinieleza jambo ambalo halijanitoka kichwani tangu siku hiyo.

Kwamba nyota kubwa na nyota ndogo zinatofautiana, hilo hata mtoto anajua. Lakini ziko nyota za aina moja, zilizotengenezwa kwa kitu kimoja, zinazokufa kifo cha namna moja, na bado moja inawaka mara kumi kuliko nyingine. Hapo ndipo nilipovuta kiti nikakaa.

Hebu nikueleze nilivyoelezwa.

Nyota kama jua letu ikimaliza kuni zake, kinachobaki ni kiini kidogo kinachoitwa nyota kibete nyeupe. Ukubwa wake ni kama wa dunia hii tunayokanyaga, lakini uzito wake ni nusu ya jua au zaidi. Ukichota kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho, kijiko hicho kitakuwa kizito kuliko matatu iliyojaa abiria. Kiini hicho kikikaa peke yake kinapoa tu, taratibu, kama mkaa uliosahauliwa. Lakini kikiwa na nyota mwenzake karibu, kinaweza kumvuta gesi yake kidogo kidogo. Au vibete viwili vinaweza kuzungukana mpaka vigongane. Basi kaboni na oksijeni iliyo ndani inashika moto yote kwa sekunde chache, na nyota nzima inasambaratika. Huo mlipuko unaitwa supanova ya aina ya Ia. Mwanga wake unapanda kwa wiki mbili tatu, na ukifika kileleni unaweza kushinda mwanga wa majua bilioni kadhaa.

Mwaka 1006 moja ya namna hiyo ilionekana hata bila darubini. Watu wa China na Japani waliiandika, na kule Misri tabibu Ali ibn Ridwan naye akaiandika. Ilikuwa upande wa kusini wa anga. Hiyo ina maana kwamba kwa waliokuwa wanaishi huku kwetu kwenye ikweta ilipanda juu zaidi kuliko ilivyopanda kwa Ali ibn Ridwan.

Sasa, kulikuwa na sababu nzuri ya kudhani kwamba nyota hizi zote zingewaka sawasawa. Mwaka 1930 kijana wa miaka 19 kutoka India, Subrahmanyan Chandrasekhar, alikuwa melini akienda kusoma Uingereza. Humo safarini akapiga hesabu iliyoonyesha kwamba kibete cheupe kina kikomo cha uzito. Leo tunajua kikomo hicho ni kama mara 1.4 ya uzito wa jua. Zaidi ya hapo hakiwezi kujishikilia. Basi watu wakasema: kama zote zinalipuka zikikaribia uzito uleule, na kuni ni zilezile, bila shaka mwanga ni uleule. Na kama mwanga ni uleule, ukiona moja hafifu, ujue iko mbali. Ukiona moja kali, ujue iko karibu. Ni kama balbu za wati moja zilizotundikwa kijiji kizima: unaweza kujua kila nyumba iko umbali gani kwa kuangalia tu ukali wa taa yake.

Ni wazo zuri. Lakini mwaka 1991 ulilitikisa.

Mwezi wa Aprili mwaka huo ilionekana supanova iliyopewa jina 1991T, katika kundi la nyota liitwalo Mashuke. Ilikuwa kali kuliko kawaida. Mwezi wa Desemba, katika kundi lilelile la Mashuke, ikaonekana nyingine, 1991bg. Hiyo ilikuwa hafifu mno. Na herufi hizo zisikubabaishe, ni foleni tu: T ni ya 20 kupatikana mwaka ule, bg ni ya 59. Hazisemi nani bora.

Wangeweza kusema 1991bg iko mbali zaidi, ndiyo maana ni hafifu. Lakini sikia hili. Galaksi iliyokuwa na 1991bg inaitwa M84, iko zaidi ya miaka milioni 50 ya nuru kutoka hapa. Na katika galaksi hiyohiyo, mwaka 1957, ilikuwa imelipuka supanova nyingine ya aina hiyohiyo, ya kawaida. Nyumba ni moja, umbali ni mmoja. Ukilinganisha mwanga wao wa buluu, ile ya 1991 ilikuwa hafifu mara kumi hivi.

Watoto wa nyumba moja. Mara kumi.

Sasa nataka uangalie wataalamu walifanya nini, maana hapo ndipo neno langu la leo lilipo.

Walikuwa na njia rahisi. Wangeweza kusema ile hafifu ni kasoro, tuitupe, tubaki na zinazofanana. Mark Phillips, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha darubini cha Cerro Tololo kule Chile, hakuenda njia hiyo. Mwaka 1993 alichukua supanova tisa zilizopimwa vizuri, akaweka ile kali ndani, akaweka na ile hafifu ndani. Halafu akauliza swali moja: baada ya kufika kileleni, kila moja imepungua kiasi gani kwa siku 15?

Si usiku mmoja. Siku 15.

Na jibu likatoka. Ile kali ilikuwa inapungua polepole: baada ya siku 15 ilikuwa bado na sehemu kama mbili kwa tano ya mwanga wake wa buluu. Ile hafifu ilikuwa inaporomoka: baada ya siku 15 ilibaki na kama sehemu moja ya sita tu. Na zile nyingine zikajipanga katikati kwa utaratibu. Mrusi mmoja, Yuri Pskovskii, alikuwa ameshaona dalili za jambo hili tangu 1977, lakini vipimo vya picha za zamani havikutosha kuwashawishi watu. Baada ya Phillips, yeye na wenzake kule Chile, akina Mario Hamuy, José Maza na Nicholas Suntzeff, waliendelea kupima nyingi zaidi. Kufikia 1996 walikuwa wametoa vipimo vya supanova 29, na utaratibu ukasimama.

Mpendwa, hapa wahubiri tungependa sana kusema: "Mnaona? Kinachowaka sana huzimika haraka!" Lingekuwa neno tamu, na watu wangepiga makofi. Lakini nyota hizi hazisemi hivyo, na mimi siwezi kuzisingizia. Zinasema kinyume. Ile kali ndiyo inayodumu. Ile hafifu ndiyo inayowahi kwenda.

Kwa nini? Kwa sababu ya kilicho ndani. Mlipuko ule unatengeneza madini ya nikeli, nikeli ya namna isiyotulia. Kila siku 6 hivi nusu yake inageuka kuwa kobalti, na kobalti nayo inageuka kuwa chuma, nusu yake kila siku 77 hivi. Joto la mageuzi hayo ndilo mwanga tunaouona. Supanova ya kawaida inatengeneza nikeli yenye uzito unaopita nusu ya jua. Ile 1991bg ilitengeneza kama sehemu moja ya kumi ya jua. Nikeli ikiwa nyingi, mabaki yanakuwa na moto zaidi na mwanga unachelewa kupenya kutoka. Ikiwa kidogo, mwanga unatoka upesi na kwisha. Akina mama mnajua hili bila kwenda chuo: ukiepua sufuria kubwa ya githeri na kikombe cha chai kwa wakati mmoja, kipi kitapoa kwanza?

Tena waliona jambo lingine. Zile kali zinapatikana zaidi katika galaksi ambazo bado zinazaa nyota changa. Zile hafifu zinapatikana zaidi katika galaksi zilizozeeka, kama M84. Hata mahali ulipolelewa pana sehemu yake.

Sasa niwaambie kwa nini nimeshughulika na jambo hili.

Katika kanisa letu kuna mama mwenye pacha, msichana na mvulana. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, msichana alipata A-, mvulana akapata D+. Majirani walikuja kushangilia na msichana. Mvulana akajifungia chumbani. Siku ya tatu akamwambia dadake maneno ya kuaga, maneno ambayo dadake hakuyapenda hata kidogo. Mama akanitumia ujumbe wa sauti saa nne usiku, analia.

Wazazi, nasimama hapa kidogo. Mtoto akisema maneno ya namna hiyo, usimwambie anadeka. Usimwache peke yake usiku huo. Ita mtu. Mpeleke kwa anayejua kusaidia. Maombi na msaada wa daktari havigombani.

Nilienda. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, tukakaa nje kwenye benchi, yeye, mimi na giza. Kwa muda mrefu hakusema kitu. Halafu akasema, "Pasta, tulilala tumbo moja. Mbona Mungu alimpa yeye taa, mimi akanipa kibiriti?"

Sikuwa na mstari wa haraka wa kumtupia. Nikamwelekeza juu, nikamsimulia hizi nyota mbili za 1991. Nilipofika kwenye ile hafifu, akaniuliza, "Na hiyo walifanyia nini? Waliitupa?"

Nikamwambia hapana, kijana wangu. Waliiandika. Waliiweka kwenye orodha pamoja na ile kali. Na nikamwambia jambo ambalo nataka na wewe ulishike: bila ile hafifu, kipimo kisingepatikana. Ukiwa na nyota kali peke yake, una nukta moja tu kwenye karatasi, na nukta moja haichori mstari. Ilibidi kuwe na ile ya juu na ile ya chini, na zile za katikati, ndipo mstari ukaonekana. Siku walipoacha kuiona tofauti kama aibu na kuanza kuisoma, ndipo nyota zote zikawa na maana.

Akanyamaza tena. Baadaye akaingia ndani akala ugali. Usiku ule, hilo lilinitosha.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Siku ngumu bado zipo. Lakini yuko hai, yuko chuo cha ufundi anajifunza injini, na anakula mezani na dadake.

Kutokana na usiku ule, nimejiwekea maswali matatu kabla sijasema mtu fulani ni hafifu. Wanaopima nyota wanayauliza yote matatu. Na wewe yachukue.

La kwanza: je, yuko mbali? Taa kali ikiwa mbali inaonekana ndogo. Kuna watu unawaona hafifu kwa sababu hujawahi kuwakaribia. Yule mzee anayekaa kiti cha mwisho, husikii sauti yake ibadani, lakini watoto yatima watatu wanakula kwake. Umbali wako usiuite udogo wake.

La pili: je, kuna vumbi katikati? Galaksi zina vumbi, na vumbi hilo linakula mwanga wa nyota na kuufanya mwekundu kabla haujatufikia. Wapimaji wanaangalia rangi ili wajue vumbi limekula kiasi gani, halafu wanarudishia hesabu. Kijana wetu yule alifukuzwa shule mara tatu kidato cha tatu kwa sababu ya karo, na kila mara alikaa nyumbani wiki kadhaa. Dadake alikuwa na basari. Majirani walioshangilia hawakuhesabu vumbi hilo. Wewe hesabu.

La tatu: ndani mwake muna nini? Na hapa tuwe wakweli. Baada ya kuondoa umbali na vumbi, wakati mwingine tofauti inabaki. Ile 1991bg haikuwa mbali zaidi ya mwenzake wa 1957. Ilikuwa na nikeli kidogo, basi. Hakuna dhambi ilitenda. Mtoto mmoja atakuwa na kichwa cha hesabu, mwingine hatakuwa nacho, hata ungewalipia walimu walewale. Mpe kazi ya kipimo chake, na usimwombee awe mtu mwingine.

Mtu ataniuliza, "Pasta, sasa hiyo tofauti ina faida gani?" Nisikilize. Walipojua kuisoma tofauti, supanova ambayo kwa asili ni hafifu kidogo na ile ambayo ni kali kidogo zikaanza kutoa jibu moja kuhusu umbali. Unaangalia imepungua vipi kwa siku 15, unajua ilikuwa na nguvu kiasi gani, unapata umbali. Kwa kipimo hicho, vikundi viwili vya watafiti vikaangalia supanova za mbali sana. Mwaka 1998 wakatangaza kwamba zile za mbali zilikuwa hafifu kuliko walivyotarajia, maana zilikuwa mbali kuliko walivyodhani. Ulimwengu haupanuki tu, unaongeza mwendo. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011 kwa kazi hiyo.

Fikiria kama wangekuwa bado wanaamini nyota zote za aina ile ziko sawa. Wangeona nyota hafifu na wasijue kama ni hafifu kwa asili au iko mbali. Ugunduzi wote ungekwama hapo. Unafiki wa kusema "wote tuko sawa tu" hausaidii mtu, na dharau ya kusema "huyu si kitu" haisaidii mtu. Kilichosaidia ni kumjua kila mmoja kwa jina na kwa kiasi chake.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia. Mtu si nyota katika kila kitu. Kibete cheupe kinalipuka mara moja, kinafika kileleni mara moja, na nikeli iliyotengenezwa dakika ile ndiyo hiyo, haiongezwi. Wewe una miaka 18 na karatasi moja ya matokeo mkononi. Nani amekuambia hicho ndicho kilele chako? Wewe una miaka 45 na biashara imefungwa. Nani amekuambia mafuta yako hayawezi kuongezwa? Mungu tunayemtumikia anaongeza mafuta kwenye taa.

Na chuma kilicho kwenye damu yako, sehemu yake kubwa ilipikwa ndani ya milipuko kama hii, muda mrefu kabla dunia haijakuwapo. Ukishika mkono wa mtu kumsalimia Jumapili, huwezi kujua chuma chake kilitoka kwa nyota kali au kwa nyota hafifu. Vyote vinabeba damu.

Wiki hii nakupa kazi moja. Kuna mtu nyumbani kwako ambaye amelinganishwa mpaka amechoka. Unamjua. Usimtumie mahubiri, hata haya. Kaa naye, umuulize habari zake, umsikilize zaidi ya usiku mmoja. Mpe siku 15.

Baba, tufundishe kuwaona watu wetu kama wewe unavyowaona. Walio mbali, tupe miguu ya kuwakaribia. Walio nyuma ya vumbi, tupe subira. Na wale uliowapa kidogo, tupe mioyo ya kukithamini hicho kidogo. Katika jina la Yesu.

Amina. Tuonane katikati ya wiki, saa kumi na mbili jioni. Usije peke yako.